Kiporo Kilichokuwa Bado Motoni

Baba yangu,

Tumepita. Naliweka neno hilo mbele ya salamu kwa sababu nakujua: ulikuwa mtu wa kuuliza matokeo kabla ya kuuliza mechi imechezwa wapi, na kama barua hii ingekufikia kweli, macho yako yangeruka aya zote kulitafuta. Tumepita kwa mikwaju ya penalti, sisi ambao kila mtangazaji alikwisha kutupa ushindi wa mabao matatu, dhidi ya nchi ndogo ambayo nusu ya wachezaji wake, tuliambiwa, wana kazi nyingine za mchana. Tumepita kama mtu anayepita kwenye mlango unaofungwa, bega likiwa ndani na shati limebanwa nje. Kwa kuwa sasa umetulia, niruhusu nikueleze mchezo uliochezwa sebuleni kwako saa zile zile, kwa maana huko ndiko nilikokaribia kushindwa mimi, na sijui bado kama nimeshinda.

Unakumbuka jambo hili lilivyoanza? Nilikuwa bado shule. Tulikuwa tumekaa sote katika sebule hii ya Al Amerat, nyumba ikiwa mpya bado inanuka rangi, na Bibi, mama yako mzazi, amekaa mbele kabisa kwa sababu alikataa kuvaa miwani. Penalti ya nne ikagonga mwamba. Bibi akainama. Tulidhani anaokota tasbihi, na Mama hata alimwambia asijisumbue, ataiokota yeye. Hakuwa anaokota kitu. Alilala hospitali siku sita, na siku ya kumtoa daktari akakuambia moyo wake hauwezi tena mishtuko. Ukamwuliza kama mpira wa miguu ni mshtuko. Akakujibu kwa kukuuliza kama umewahi kuitazama timu yetu.

Ndipo ulipobuni kiporo.

Mpaka siku ile neno hilo lilikuwa la jikoni tu: wali wa jana na mchuzi wa jana, uliopashwa moto asubuhi, ambao Bibi aliupenda kuliko chakula chochote kilichotoka kuiva. Ulimwambia kwa upole, umechuchumaa mbele ya kiti chake, "Mama, wenzako watakula cha moto. Wewe utakula kiporo." Ukanunua kile kisanduku cha kurekodia. Na kila timu ya taifa ilipocheza, wewe, mpima ardhi mwenye mvi, baba wa watu, ulitoka nje ya ukuta ukakaa garini na vioo umevifunga, ukaitazama mechi kwenye simu ili kelele zako zisimfikie. Mechi ikiisha ulinawa uso kwenye bomba la bustani, ukaingia. Tukishinda, ulisema, "Mama, kiporo kipo." Tukishindwa, ulisema mtambo umekorofisha, picha haikuingia, ukaenda kukaa karibu naye ukimsimulia habari za shamba la mtu fulani huko ulikopima.

Bibi hakuwa mjinga. Alijua mtambo mpya haukorofishi kila baada ya wiki mbili. Siku moja, akinichana nywele, aliniambia kwa sauti ya mtu anayejisifia, "Mwanangu hajanipa kiporo kilochacha hata siku moja." Basi alijua: kiporo kikiletwa mezani, tumeshinda. Alikuwa akitazama mechi zake kwa raha ya mtu anayesikiliza hadithi ambayo mwisho wake anaujua, na wala hakukusaliti kwa kukuambia kwamba anajua.

Mimi ndimi niliyeshindwa kuvumilia. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nimechaguliwa kuongoza jukwaa la midahalo, nimejaa haki mpaka utosini. Wiki ile tulikuwa tumesimama kwenye ngazi za chuo tukidai tuelezwe kwa nini matokeo yetu yamezuiliwa, na mimi nilisema kwa kipaza sauti kwamba anayemficha mtu habari zake amemwibia sehemu ya maisha yake. Walinipigia makofi, Baba. Nikarudi nyumbani na makofi yale masikioni, nikakukuta unamwambia Bibi kwamba mtambo umekorofisha.

Nilisema mengi mbele ya sahani za watu. Nilisema Bibi si mtoto. Nilisema mwanamke aliyevuka bahari na watoto watatu, akaanza maisha upya katika nchi hii asiyoijua, hahitaji kulindwa dhidi ya bao la kusawazisha. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kama ulivyokuwa ukiwasikiliza wateja wanaobishana juu ya mpaka, kisha ukasema, "Wewe wataka apashwe habari. Mimi nampashia kiporo. Kitenzi ni kimoja, Asya." Ulitabasamu. Ulikuwa unanipa njia ya kutokea, na mimi sikuipita. Nilikuita mwongo mbele ya mama yako. Ulinyanyuka ukaenda kunawa mikono, na chakula hujakimaliza.

Hukunirudishia neno lile kamwe. Ungenirudishia, ningepumzika.

Tangu ulipotutoka, nyumba hii haikutazama mpira. Hapakuwa na amri. Ilikuwa tu kwamba hakuna aliyekuwa na mkono wa kuuwasha. Kisanduku chako kiliendelea kuwaka taa yake ya kijani chini ya televisheni, na Mama alikifuta vumbi kila Ijumaa. Halafu akaja dada Neema kutusaidia kumhudumia Bibi. Humjui. Ni mtu wa Mbeya, anaimba nyimbo za kwaya akipiga pasi, na anaujua mpira kuliko wanaume wote wa ukoo wetu. Tulimweleza dawa za Bibi, saa za dawa, mto anaoupenda, chumvi asiyotakiwa kula. Hatukumweleza habari ya mpira. Nani huorodhesha, miongoni mwa hatari za nyumba, kitu ambacho nyumba imekwisha kukiacha?

Sasa sikiliza kosa lilivyoingia, kwa maana liliingia kwa neno moja.

Mechi yetu ya mtoano ilikuwa ichezwe Ijumaa. Mvua ikanyesha huko ilikopangwa kuchezwa, uwanja ukawa ziwa, wakaisogeza hadi Jumamosi, saa kumi kasorobo. Jumamosi hiyo Mama alikuwa Azaiba kwa dada yake aliyejifungua. Mimi nilikuwa chumbani juu, nimefunga mlango, simu mkononi na visikilizio masikioni, natazama kwa siri kama ulivyokuwa ukitazama wewe garini, ingawa wakati huo ulinganisho huo haukunijia. Tulikuwa tumefunga bao moja mapema. Dakika ya ishirini na kitu nikashuka kutafuta chai, na kabla sijafika ngazi ya mwisho nikasikia sauti ya mtangazaji yule yule niliyekuwa naye masikioni.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake, miguu juu ya stuli, bakuli la mbegu za tikiti mapajani, anazibangua moja moja. Mbele yake wachezaji wetu walikuwa wakikimbia juu ya nyasi zilizolowa. Dada Neema alikuwa nyuma yake na pasi. Bibi aliponiona alinitazama kwa mapenzi ambayo sikuyaelewa, akasema, "Ulikuwa wapi we mtoto? Tushafunga moja."

Nilimvuta dada Neema jikoni nikamwuliza nani amewasha. Alishangaa nilivyomshika mkono. Alisema Bibi aliuliza televisheni ina nini leo, naye akamjibu kuna mechi ya kiporo, na Bibi akasema basi aiwashe haraka.

"Kiporo?" nikamwuliza. "Nani kakuambia hicho ni kiporo?"

"Si ilikuwa ichezwe jana, dada? Mvua ikawanyima. Kwetu mechi ikiahirishwa tunaiita kiporo. Ndo inapigwa leo. Hivi sasa."

Nilishika ukingo wa sinki. Elewa, Baba, mama yako alikuwa amekaa sebuleni akiamini kwamba anakula chakula cha jana. Aliamini mechi ile imekwisha, imeonjwa, imeonekana haikuchacha, na ndipo ikaletwa mezani. Aliamini tumeshinda. Na mechi ile ilikuwa jikoni bado, juu ya moto, na hapakuwa na mtu duniani aliyejua itaiva au itaungua.

Nilimpigia Mama. Nikamweleza kwa maneno machache. Alisema niizime. Nikamwambia nikiizima ataniuliza kwa nini, na jibu la kwa nini ndilo lile lile tunalolikimbia. Nilisikia kichanga kikilia upande wake. Kisha akasema, "Usimwambie kitu, Asya. Kaa naye karibu. Nnakuja." Lakini kutoka Azaiba kuja huku, kuivuka milima, na watu wote wanaoendesha wakisikiliza redio zao, unaijua safari hiyo ilivyo.

Nikarudi nikakaa kando yake. Nilijiuliza jambo ambalo sijawahi kujiuliza jukwaani, kwa kuwa jukwaani mtu husema akashuka, na anayeambiwa hana jina wala umri. Je, nimwambie? Haki ya kujua haikuwa imefutwa kwa sababu tu aliyestahili kujua ni bibi yangu. Lakini kumwambia mtu mwenye moyo ule, katikati ya mechi, kwamba alichodhani ni salama si salama, je, si ndiko kumpa mshtuko wenyewe? Na nisipomwambia, na tukashindwa, nitakuwa nimemwacha apande juu kabisa ndipo nimwondolee ngazi. Kila mlango nilioujaribu ulifungukia chumba kile kile. Wewe ulitatua suala hili kwa kukaa garini. Mimi nilikuwa nimeketi ndani ya suala lenyewe, nakula mbegu za tikiti.

Kipindi cha pili walisawazisha. Mpira ulimgonga beki wetu ukabadilisha njia, kipa akabaki ameelekea kwingine. Bibi akatema ganda la mbegu kiganjani.

"Waache nao wapate," alisema. "Wametoka mbali."

Dakika kumi za mwisho wakafunga la pili. Wale wenye kazi za mchana walikuwa wanaongoza. Dada Neema, ambaye alikwisha kusoma usoni pangu kwamba pana jambo, aliacha kupiga pasi akaichomoa. Kutoka nyumba za jirani kikaja kilio kimoja kirefu, cha wanaume, kikipita juu ya kuta. Picha yao hutangulia yetu kidogo, kwa hiyo walilia kabla mpira haujaingia kwetu, kisha wakalia tena marudio yalipoonyeshwa. Bibi aligeuza kichwa.

"Na hawa jirani nao wala kiporo?"

Hapo, Baba, ndipo nilipodanganya. Nataka uisikie kutoka kwangu. Mimi niliyesema kwa kipaza sauti, mimi niliyekuita nilivyokuita, nilifungua mdomo nikasema, "Mtaa mzima, Bibi. Jana walikuwa na mvua ya kutazama." Halikuwa hata na maana. Akalipokea kwa kutikisa kichwa, akasema siku hizi watu wamekuwa wavivu, hata mpira wanaupasha. Nilijaribu kucheka. Nikamshika mkono, vidole vyangu vikautafuta mshipa wa kifundo cha mkono, na nikaanza kuhesabu moyoni.

"Wanihesabu nini?"

Nikasema simhesabu, nampenda tu. Akaniambia mapenzi ya watu wa chuo yana namba. Mapigo yake yalikuwa ya mtu aliyelala. Yangu yalikuwa yakinipiga kooni. Tulikaa hivyo, mikono yetu imeshikana, kati yetu mmoja akiijua mechi ile na mwingine akiistarehea, na nilimwonea wivu, halafu nikaogopa wivu wenyewe.

Tulisawazisha dakika za nyongeza, muda ambao mwamuzi alikwisha kuweka filimbi mdomoni mara mbili. Kona, kichwa, msongamano, mguu wa mtu usiojulikana. Dada Neema alipiga magoti sakafuni kabisa. Bibi alimtazama kwa mshangao, kisha akanisogelea sikioni akanong'ona kwamba huyu naona hajazowea viporo, tumpe muda.

Ikaja nusu saa ya ziada. Sikumbuki kitu humo isipokuwa jinsi Bibi alivyokuwa akizungumza. Alizungumza habari zako. Alisema hizi mechi za kwenda mpaka mwisho ulikuwa ukizipenda kumwekea, kwa sababu ulikuwa ukimtazama yeye badala ya kutazama mpira. Alijua hilo pia. Kisha akasema jambo ambalo lilinimaliza. Alisema Neema alipotamka neno kiporo, nusura alie, kwa sababu alikuwa amekaa miezi yote hii akidhani kazi yako haina mrithi. "Nkasema, alhamdulillahi, Asya kamrithi babake."

Basi ndiyo maana alinitazama vile niliposhuka ngazi. Ile haikuwa raha ya ushindi. Ilikuwa imani, na alikuwa ameiweka juu yangu mimi, mtu pekee katika nyumba hii aliyeidharau kazi ile hadharani.

Filimbi ya mwisho ilipulizwa mbili kwa mbili. Wachezaji wakakusanyika katikati ya uwanja, wakashikana mabega. Penalti. Ile ile iliyomwangusha. Na papo hapo, kutoka msikiti wa mtaani, adhana ya Maghribi ikaanza. Bibi alijisukuma akasimama.

"Simamisha hapo. Nikasali, nkirudi tuendelee."

Kiporo husimamishwa, hilo ndilo jema lake. Nikabonyeza kitufe, na kisanduku chako, Mungu akurehemu kwa kununua kitu kizuri, kikauganda uwanja mzima. Bibi akaingia chumbani kwake. Mimi nilibaki nimesimama, na fahamu ikanijia polepole kama maji yanavyopanda: penalti zilikuwa zikiendelea ulimwenguni, lakini sebuleni kwetu zimesimama. Kwa dakika kumi na tano, muda wa sala yake na uradi wake, kiporo cha uongo kingeweza kuwa kiporo cha kweli. Nilichotakiwa kufanya ni kuonja kwanza.

Nilikwenda nyuma ya televisheni, nikaushika ule waya wa intaneti uliochomekwa kwenye kisanduku. Nikaushikilia, nisiuvute bado. Tukishindwa, nitauvuta, kilichobaki hakitaingia, na mtambo utakuwa umekorofisha. Dada Neema akaja na simu yangu, akainyanyua mbele ya uso wangu, sauti imezimwa. Nilijiona, Baba. Mtetezi wa haki ya kujua, amejikunja nyuma ya kabati, waya mkononi, akingoja kuamua ni habari zipi mtu mzima wa miaka sabini na nane anastahili kuzipata. Na sikuuachia.

Yetu ya kwanza iliingia. Yao ikaingia. Yetu ikaingia. Yao ikaingia. Ya tatu yetu ilipanguliwa, na vidole vyangu vikakaza. Ndipo nilipotambua upumbavu wa mpango wangu: waya ningeukata, lakini ningeukataje ukimya wa mtaa? Tukishindwa, Al Amerat nzima itanyamaza kwa namna ambayo mama yako ataisikia mpaka kwenye msala. Ulifanyaje wewe? Au ulijua hata wakati ule kwamba ukimya unamfikia, na ulichomkinga nacho hakikuwa habari, kilikuwa upweke wa kuipokea? Ulikuwa ukienda kukaa karibu naye. Kila tuliposhindwa, ulikaa karibu naye. Nilizisikia hadithi zako za mashamba nikazihesabu kuwa uongo.

Yao ya tatu ikapita juu ya mwamba. Ya nne, kila upande ukafunga. Ya tano yetu ikaingia ikimgusa kipa mkononi. Ikabaki yao ya tano. Mchezaji wao alikuwa kijana mwenye ndevu changa. Aliuweka mpira mara mbili, akaupangusa. Nami nilifumba macho, kwa hiyo sikuona kipa wetu akianguka upande wake wa kulia. Nilisikia. Wanaume walikuwa msikitini, na kilichokuja juu ya kuta kilikuwa vigelegele, vya wanawake peke yao, nyumba hadi nyumba, mpaka kule chini barabarani.

Nilipofumbua macho Bibi alikuwa kwenye mlango wa chumba chake, na nguo yake ya kusalia. Alikuwa akiutazama waya.

"Asya. Hichi hakikuwa kiporo."

Nilikuwa na uongo tayari. Niliuona pale umekaa, umevaa vizuri. Nikasema, "Hapana, Bibi. Kilikuwa cha moto."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Aliweka mkono kifuani. Dada Neema alikwisha kuifuata dawa ya chini ya ulimi, na sikumbuki nilivyofika alipokuwa. Nakumbuka tu nimemshika, na yeye amekaa, na mimi nahesabu tena, na safari hii namba zilikuwa zinakimbia. Alitulia baada ya dakika nyingi. Alisema kumbe alikuwa akibangua mbegu kama mwendawazimu huku nyumba inaungua. Kisha aliwatazama wale wachezaji walioganda kwenye kioo, na nilipodhani hatari imepita, akasema, bila kunitazama,

"Basi hii, baba yako hajaiona."

Hakuna mechi aliyowahi kuitazama, tangu augue, ambayo macho yako hayakuipita kwanza. Hii ndiyo ya kwanza. Alilia, Baba, kilio cha chini, cha mtu aliyekaa mezani akakumbuka nani hajaja. Nilimshika mabega nami nikalia, na dada Neema, ambaye hakukujua, akasimama kando akifuta macho kwa kitambaa cha pasi. Mama alipoingia, na abaya yake imejikunja kwa kukaa garini, na honi za gari zimejaa mtaa mzima nyuma yake, alitukuta hivyo akadhani tumeshindwa.

Daktari alimpima Jumapili asubuhi. Alisema hakuona jipya. Neno hilo, ambalo lingewafurahisha wengine, limenikosesha raha tangu hapo, kwa sababu la zamani linatosha.

Keshokutwa, Jumatano, tunacheza nusu fainali, na safari hii hakuna anayetupa hata bao moja. Bibi ameitangazia nyumba kwamba anataka cha moto. Mama amekataa, amekataa tena, amewapigia simu ami zangu wakatae naye. Bibi amemjibu kwa utulivu kwamba ana wakili humu ndani. "Si Asya mwenye haki za watu? Mwache anisemee." Wote wakanigeukia. Nilichokitaka, nakiri kwako peke yako, ni kukimbilia garini na kufunga vioo.

Nimekwenda kwa daktari peke yangu nikamwuliza kila kitu, nikamletea Bibi majibu yote bila kuyapunguza: kinachoweza kutokea, dalili zake, na muda tutakaokuwa nao. Alisikiliza kama ulivyokuwa ukisikiliza wewe, mpaka mwisho. Kisha akasema nimweleze Neema amnunulie mbegu mpya. Huo ndio uamuzi wake, na nimemtetea mbele ya Mama. Dawa itakuwa mkononi mwangu. Gari litaelekezwa mlangoni. Mama atakaa kulia kwake, mimi kushoto, na tukishindwa sitasema neno lolote juu ya mtambo. Nitakaa karibu naye.

Nilikuita mwongo, Baba. Nimeubeba uongo mmoja kwa saa mbili na nusu, na mabega bado yananiuma; wewe ulibeba wako miaka, ukanawa uso, ukaingia ukicheka. Nisamehe. Sisemi sasa kwamba ulikuwa na haki na mimi sikuwa nayo. Najua ungependa tubishane bado. Nasema neno lile halikuwa lako, nami ndimi niliyekuvika.

Leo asubuhi nilikuwa nikimpa Bibi dawa, akanishika kiganja kabla sijakiondoa, akaniuliza kama naogopa. Nimemwambia ukweli.

Binti yako,
Asya